Kombe Moja, Miji Minne

Mashindano ya mpira wa kikapu ya wanawake ya Ulaya ya mwaka 2025 hayakuwa na mji mwenyeji. Yalikuwa na minne, kila mmoja katika nchi yake: Bologna ya Italia, Brno ya Ucheki, Hamburg ya Ujerumani na Piraeus ya Ugiriki. Timu 16 ziligawanywa katika makundi manne, kila kundi likapelekwa mji wake, kisha timu mbili za juu kutoka kila kundi zikafunga mabegi kwenda Piraeus kucheza robo fainali, nusu fainali na fainali. Kati ya tarehe 18 na 29 Juni, mtu aliyetaka kuona kila mchezo kwa macho yake alikuwa amejitwisha mzigo usiobebeka, maana mpira ukirushwa Bologna, Piraeus nako wanarusha. Aliyetaka kuonja tu kila mji alihitaji tiketi za treni, safari moja ya ndege na viatu vizuri. Ndiyo njia niliyoshika mimi.

Kugawana uenyeji si jambo geni huko. Hungaria na Romania waliandaa pamoja mwaka 2015. Serbia na Latvia wakafuata 2019, Ufaransa na Hispania 2021, Slovenia na Israel 2023. Wanaume wao walikwisha kucheza katika nchi nne kwa mpigo mwaka 2015, baada ya Ukraine, iliyokuwa mwenyeji wa awali, kushindwa kuandaa kwa sababu ya vita. Kwa wanawake, nchi nne ilikuwa mara ya kwanza mwaka 2025. Mashindano haya yalianza Roma mwaka 1938 na wenyeji wakalibeba kombe. Baadaye Umoja wa Kisovyeti ukaja kulitawala hadi ukafikisha mataji 21, na hakuna taifa lililoikaribia hesabu hiyo hadi leo.

Sababu ya kugawana inajulikana na wala haina siri. Kuandaa timu 16 peke yako kunataka kumbi kadhaa, hoteli, mabasi, ulinzi na wafanyakazi wa kujitolea kwa karibu wiki mbili, halafu timu yako ikitolewa mapema unabaki na viti vitupu na bili. Ukigawa mzigo mara nne, kila nchi inahitaji ukumbi mmoja tu, na kila kundi lina timu ya nyumbani ya kujaza viti. Wenyeji wote wanne wana nafasi yao mkononi, hawategemei matokeo ya kufuzu. Mpango huo unapendeza kwenye karatasi. Nilitaka kuona unavyopendeza ukiwa umekaa kwenye kiti cha plastiki.

Bologna ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa Waitalia wenyewe huuita mji wa kikapu. Nchi nzima ina kichaa cha soka, lakini hapa wanaume wa makamo hugombana vibarazani juu ya klabu mbili za kikapu, Virtus na Fortitudo, kwa hamasa ileile ya Simba na Yanga. Mji umejengwa kwa matao: barabara baada ya barabara ina kibaraza kirefu kilichofunikwa, ukivifuata vyote unapata kilomita 62, na UNESCO iliviingiza katika urithi wa dunia mwaka 2021. Unaweza kutembea kutoka stesheni hadi karibu na lango la ukumbi bila jua la Juni kukugusa kichwani.

Ukumbi wenyewe ni PalaDozza, ulijengwa mwaka 1956 na baadaye ukapewa jina la Giuseppe Dozza, meya wa Bologna baada ya vita kuu ya pili. Ni wa duara, unabeba watu elfu tano na ushee, na viti vyake vimekaribia uwanja kiasi kwamba unasikia soli za viatu zikilia na kocha akitukana kwa lugha yake. Kundi lilikuwa na Italia, Serbia, Lithuania na Slovenia. Serbia ndiyo iliyotwaa kombe mwaka 2015 na tena 2021, kwa hiyo hakuna aliyetarajia irudi nyumbani baada ya hatua ya makundi. Ilirudi. Italia iliongoza kundi na Lithuania ikashika nafasi ya pili.

Aliyewasha moto Bologna ni Cecilia Zandalasini, mshambuliaji wa pembeni aliyewahi kuvaa jezi ya Virtus mjini hapo. Kila alipopokea mpira nje ya mstari wa pointi tatu, ukumbi ulinyamaza kidogo kumsubiri ainue mikono. Nyuma yangu walikaa wasichana wa timu ya mtaa na mwalimu wao, wote wamevaa fulana za aina moja, wamesuka nywele zao vilevile kama yeye. Mchezo ulipokwisha hawakuondoka. Walishuka hadi kwenye uzio, wakanyoosha kalamu na viatu vyao vya michezo ili visainiwe, na mwalimu akatazama saa yake mara nyingi bila kuthubutu kuwaita. Picha hiyo ndiyo inayonunuliwa na nchi inapoomba kundi moja tu badala ya mashindano yote, na kwa maoni yangu bei yake ni nafuu.

Usiku huo treni ya kutoka Roma kwenda Vienna ilipita Bologna, ikapanda kaskazini na kuvuka Alpi gizani. Asubuhi ni Vienna, na kutoka hapo hadi Brno ni kama saa moja na nusu kwa reli. Hakuna aliyeomba pasipoti. Italia, Ucheki, Ujerumani na Ugiriki zote zimo katika eneo la Schengen, na viza ile moja niliyoihangaikia Dar es Salaam kwa picha, taarifa za benki na barua za mwajiri ilinitosha kote. Kilichobadilika ni fedha. Ucheki bado inatumia koruna, na mwuza soseji wa stesheni ya Brno alizitazama euro zangu kama nimempa majani.

Brno ni mji wa pili kwa ukubwa nchini Ucheki, ule ambao padre Gregor Mendel alipanda njegere zake kwenye bustani ya monasteri akagundua sheria za urithi wa viumbe. Kwa watu wa kikapu una historia nyingine. Klabu yake ya wanawake ilitwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2006, mwaka mmoja baada ya timu ya taifa kulitwaa kombe hilihili la mataifa kule Uturuki. Mwaka 2010, Ucheki ikiwa mwenyeji wa kombe la dunia, ilifika fainali na kufungwa na Marekani, na Hana Horáková akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Kizazi hicho kimestaafu. Waliokuwa wakiingia ukumbini mwezi Juni walionekana watu wanaojua walichowahi kuwa nacho: wanapiga makofi kwa ulinzi mzuri, wanaguna pasi mbaya, na hawahitaji mtangazaji awaambie lini wapige kelele.

Kundi la Brno lilikuwa na Ubelgiji, Ucheki, Montenegro na Ureno. Kwa Wareno hii ilikuwa mara ya kwanza katika historia yao kufika hapa, na mashabiki wao wachache waliimba wakiwa mbele na wakiwa nyuma. Ubelgiji ilikuja kama bingwa mtetezi. Mwaka 2023 mjini Ljubljana iliifunga Hispania 64-58 na kulitwaa kombe kwa mara ya kwanza, na sasa ilikuwa na kocha mpya, Mmarekani Mike Thibault. Uteuzi huo ulikuwa na hadithi ndani yake. Thibault aliiongoza Washington Mystics kutwaa ubingwa wa ligi ya wanawake ya Marekani, WNBA, mwaka 2019, na mchezaji bora wa fainali zile alikuwa Mbelgiji aliyekuwa akitokea benchi: Emma Meesseman.

Ukimwona Meesseman kwa mara ya kwanza unaweza kujiuliza wanamsifia nini. Harukiruki wala hakimbizi watu. Anapokea mpira karibu na mstari wa mitupo huru, mgongo ukiwa nusu umeelekea kikapuni, halafu anasimama. Anatazama. Mlinzi akisogea inchi moja kulia, yeye anazungusha bega kushoto na kuuachia mpira juu kidogo, kwa mkono laini, kabla wewe hujajua kama ameamua kutupa. Wakija wawili kumbana, pasi imekwisha kutoka. Mama yake, Sonja Tankrey, alikuwa mchezaji wa taifa wa Ubelgiji kabla yake, na husemwa mengi kuhusu damu, lakini ukimtazama Brno ulichokiona ni maelfu ya saa za mazoezi. Ubelgiji ilimaliza ya kwanza, Ucheki ya pili, na nusu ya ukumbi ikaanza kutafuta bei za ndege za kwenda Athens.

Treni ya kwenda Hamburg inapita Prague, kisha inafuata bonde la mto Elbe katikati ya majabali hadi Dresden. Ni kipande kizuri kuliko vyote nilivyopita kwa reli, na ndicho pekee ambacho mtu aliniuliza mimi ni nani. Baada ya mpaka waliingia polisi wa Ujerumani. Nchi hiyo ilikuwa imerudisha ukaguzi katika mipaka yake, Schengen au si Schengen, na katika behewa lile waliombwa karatasi watu wawili tu, mimi na kijana aliyekuwa na ngozi kama yangu. Tukatazamana, tukatoa, wakashukuru kwa adabu, wakaendelea. Yule bwana aliyekaa kando yangu na jezi ya Ucheki hakuulizwa hata jina.

Hamburg kwa mtu wa pwani yetu si mji wa mbali kama ramani inavyosema. Kampuni ya O'Swald ya hapo ilifanya biashara Unguja tangu karne ya 19, na Dar es Salaam na Hamburg ni miji ndugu tangu mwaka 2010. Salme binti Said, mtoto wa Sultani Said aliyetoroka Zanzibar na kuolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, akajulikana kwa jina la Emily Ruete, amezikwa katika makaburi ya Ohlsdorf. Nilikwenda. Makaburi hayo ni makubwa kama mji na yana mabasi yake ya ndani. Huenda safari ya kikapu haikuhitaji kituo hicho, lakini Mswahili aliyefika Hamburg bila kupita pale ataulizwa akirudi.

Mchezo wenyewe ulikuwa kisiwani Wilhelmsburg, katikati ya matawi ya Elbe, mtaa wa wafanyakazi wa bandari na familia za wahamiaji. Ukumbi wa Inselpark ulianza maisha kama banda la maua katika maonyesho ya kimataifa ya bustani mwaka 2013, kisha ukageuzwa kuwa wa michezo, na sasa ni nyumbani kwa timu ya wanaume ya Hamburg Towers. Ni mdogo, una viti elfu tatu na ushee, na kwa ajili hiyo ulijaa. Hapa ndipo nilipoelewa vizuri hoja ya waandaaji. Ukumbi mdogo uliojaa una sauti ya kutisha, na ukimweka mtoto wa Wilhelmsburg humo hatasahau. Ukumbi mkubwa uliojaa robo unaaibisha kila mtu, wachezaji kwanza.

Ujerumani ilikuwa na Leonie Fiebich, aliyekuwa bingwa wa WNBA wa mwaka 2024 na New York Liberty na ambaye aliomba ruhusa katikati ya msimu kuja kuchezea nyumbani. Jambo hilo lina gharama isiyoonekana kwenye ubao wa matokeo. Ligi ya Marekani huanza Mei, mashindano ya Ulaya ni Juni, na mchezaji lazima achague. Golden State Valkyries, klabu mpya ya San Francisco, iliondokewa na kundi zima, akiwemo Zandalasini wa Italia, Janelle Salaün wa Ufaransa, Temi Fagbenle wa Uingereza na Julie Vanloo wa Ubelgiji. Wapo walioamua kubaki Marekani, na sioni wa kumlaumu. Mishahara ya wanawake hawa hainunui uhuru mwingi wa kuchagua.

Hispania iliongoza kundi la Hamburg, wenyeji wakashika nafasi ya pili, Uingereza na Uswidi zikaaga. Kisha likaja jambo ambalo mpango wa nchi nne hauna dawa yake. Ujerumani ilifuzu, mji mzima ukawa umeshikwa na homa ya kikapu, na siku iliyofuata mafundi walikuwa wanafungua ubao wa matangazo na kuzungusha mazulia. Mashindano yalikuwa yamehama. Robo fainali ya Ujerumani, ile ambayo watoto wa Wilhelmsburg wangetoa chochote kuiona, ilikuwa Ugiriki, mbali na wao kwa saa tatu na zaidi za ndege.

Na Ugiriki je? Ugiriki ilikuwa nje. Kundi la Piraeus lilitoa Ufaransa na Uturuki, wenyeji wakabaki watazamaji katika nyumba yao pamoja na Waswisi waliokuwa wamerudi katika mashindano haya baada ya miongo mingi. Kwa hiyo miji mitatu yenye timu zilizofuzu, Bologna, Brno na Hamburg, ilikuwa imezima taa, na mji pekee uliobaki na taa haukuwa na timu.

Kutoka Athens unachukua treni ya mjini hadi stesheni ya Faliro, unatoka nje na Uwanja wa Amani na Urafiki uko mbele yako, mkubwa, wa zege, umeelekea bahari. Unabeba watu kama elfu kumi na mbili. Mgiriki yeyote wa umri fulani atakueleza habari za mwaka 1987, wanaume walipoifunga Sovyeti 103-101 humo ndani katika dakika za nyongeza, na Nikos Galis akatupia pointi 40. Dereva wa teksi aliyenieleza alikuwa na umri wa miaka tisa wakati huo na anakumbuka baba yake akilia barabarani. Nilipomuuliza kama atakuja kuwaona wanawake wiki hii alicheka, akasema timu yao imetoka, aje kufanya nini?

Joto lilikuwa la kuchoma, na ukumbi ule ni mkubwa mno kwa robo fainali ya Hispania na Ucheki. Palikuwa na maeneo mazima ya viti ambayo hakuna aliyeyakalia. Waliokuja, hata hivyo, walikuwa wametoka mbali kweli. Wabelgiji walijaza mabehewa ya Faliro kwa nyeusi, njano na nyekundu, watoto wamechorwa sharubu mashavuni kwa sababu timu yao huitwa Paka.

Kati yao alikaa mama mmoja mwenye kitenge cha kijani na skafu ya Ubelgiji, akimpepea mjukuu kwa ratiba ya mechi. Aliponisikia nikiongea na simu aligeuka.

"Papa, unatokaka wapi?"

"Dar es Salaam, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mi niko mutu wa Bukavu, lakini nakaaka Liège."

Alikuja na binti yake na mjukuu, ambaye anacheza katika klabu ya watoto. Nilimuuliza tangu lini anapenda kikapu, akaniangalia kama nimeuliza tangu lini anapenda chumvi. Zaire, alinikumbusha, ilikuwa bingwa wa Afrika wa wanawake mwaka 1983, ikarudia 1986 na 1994. Mwadi Mabika wa Kinshasa alicheza Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, kisha akatwaa ubingwa wa WNBA na Los Angeles Sparks mwaka 2001 na 2002. "Bale ba Mwadi, nani aliwafundisha? Hakuna ukumbi, hakuna viatu," alisema, kisha akaona mchezo unaanza na mazungumzo yakaishia hapo.

Michezo ya mwisho ililipa nauli zetu zote. Italia iliitoa Uturuki kwa dakika za nyongeza. Katika nusu fainali, Ubelgiji iliishinda Italia 66-64 na Hispania ikaipita Ufaransa 65-64, pointi tatu kwa jumla katika michezo miwili. Ufaransa hii ndiyo iliyokosa dhahabu ya Olimpiki mbele ya Marekani kwa pointi moja mwaka 2024, na hapa ikakosa fainali kwa pointi moja tena. Haikuinuka. Katika mchezo wa kutafuta mshindi wa tatu Italia iliifunga 69-54 na kupata medali yake ya kwanza tangu fedha ya mwaka 1995, ambayo iliipatia, kwa sadfa ya kupendeza, mjini Brno.

Fainali ya tarehe 29 Juni ilikuwa marudio ya 2023, Ubelgiji na Hispania. Wahispania walikuwa vijana na wenye kasi. Msichana wa miaka 19, Iyana Martín, aliendesha mpira kama mtu aliyecheza fainali kumi. Robo ya nne ilipoendelea, Hispania ilikuwa mbele 65-53, zimebaki dakika tatu na kidogo. Mama wa Liège alianza kukunja skafu yake. Mwandishi mmoja wa redio aliyekaa safu ya mbele yangu alikuwa ameshaandika sentensi ya kwanza ya habari yake, nikaiona kwenye kompyuta, na jina lililokuwa mwanzoni lilikuwa Hispania.

Hispania haikufunga tena. Ubelgiji ilianza kubana tangu mpira unapoingizwa, mikono imepanuliwa, pasi za Wahispania zikawa zinachelewa nusu sekunde kisha sekunde nzima. Kikapu kimoja, kingine, mitupo huru, mpira umepokonywa. Ukumbi ambao wiki nzima ulikuwa na usingizi ukaamka, na Wagiriki wasio na timu wakaamua kwamba wao ni Wabelgiji. Katika sekunde za mwisho Antonia Delaere alinyang'anya mpira, akakimbia nao peke yake na kuuweka ndani. Pointi 14 mfululizo bila jibu. Filimbi ya mwisho ilikuta ubao umeandika 67-65. Meesseman alichaguliwa mchezaji bora kwa mara ya pili mfululizo. Yule wa redio alikuwa anafuta.

Mwisho huo una mkia. Julie Vanloo aliruka kutoka Ugiriki hadi San Francisco na medali yake, na mara baada ya kufika, Valkyries ikamwondoa kikosini. Sparks ya Los Angeles ilimchukua siku chache tu baadaye. Bingwa wa Ulaya, na siku iliyofuata hana kazi: hakuna mfano mzuri zaidi wa nafasi ya mchezo huu duniani hivi sasa.

Basi mpango wa nchi nne ulifaulu? Katika hatua ya makundi ulifaulu sana. Bologna, Brno na Hamburg zilipata mashindano ya ukubwa wa mifuko yao na zikayajaza. Kilichoshindwa ni hatua ya pili, kufungia timu nane katika mji mmoja uliochaguliwa kabla haijajulikana nani atakuwepo. Ningekuwa na sauti, ningeacha robo fainali zichezwe katika miji ya makundi na kupeleka timu nne tu kwenye mji wa mwisho. Mwaka 2027 wenyeji watakuwa wanne tena, Ubelgiji, Ufini, Lithuania na Uswidi, na tutaona kama wamejifunza chochote.

Sisi huku tulipata darasa letu mapema kuliko nilivyodhani. Mwezi Agosti 2025, Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa pamoja mashindano ya soka ya CHAN, michezo ikachezwa Dar es Salaam, Zanzibar, Kampala na Nairobi, Moroko ikalitwaa kombe kwa kuifunga Madagaska 3-2 pale Kasarani. Mambo yalikwenda, na nchi hizohizo tatu ndizo zenye AFCON ya mwaka 2027. Kwa kikapu cha wanawake, Kigali iliandaa AfroBasket mwaka 2023 katika BK Arena, ukumbi wa watu kama elfu kumi, Rwanda ikafika nusu fainali na kumaliza ya nne mbele ya watu wake. Nigeria ndiyo iliyolibeba kombe, ikalibeba tena Abidjan 2025, na itakwenda kombe la dunia Berlin Septemba 2026 pamoja na hao Wabelgiji.

Rwanda ina ukumbi. Mombasa ina timu ya wanawake ya Mamlaka ya Bandari, ambayo ukanda mzima unaijua. Uganda ina timu yake ya taifa, Gazelles. Dar ina JKT Stars na Vijana Queens, na wasichana wanaocheza jioni kwenye viwanja vya wazi vya Don Bosco mpaka giza linawafukuza. Kinachokosekana ni ukumbi wa ndani unaokubalika katika kila mji, mmoja tu, usiozidi viti elfu tatu au nne, na karatasi ya kusafiria inayotambulika kote. Kenya, Uganda na Rwanda zina viza ya pamoja ya watalii tangu mwaka 2014, ambayo Tanzania haimo. Viongozi wa mashirikisho yetu manne ya kikapu, mnaosoma kurasa hizi: kaeni meza moja mwaka huu, muiombe AfroBasket ya wanawake kwa pamoja, kundi moja kila nchi, na mkishaandika barua hiyo mwambatanishe na ombi kwa mawaziri wenu kuhusu viza.